Krismasi Rombo kwa laki saba na nusu, na hatukudaiwa na mtu

Tumerudi Dar salama, cherehani imeshaanza kazi na watoto wako shule, kwa hiyo sasa nimepata nafasi ya kuandika safari yetu ya Desemba kama nilivyowaahidi wateja wangu. Nimeitoa kwenye daftari la vipimo maana ndo lilikuwa kwenye pochi, kila tukitoa hela naandika humo katikati ya viuno na mabega ya watu, mengine nimekumbushwa na picha za kwenye simu.

Mi ni Mluguru wa Morogoro, mume wangu Mrombo, yaani Mchaga wa Rombo, Kilimanjaro. Wenye kuwajua Wachaga mnajua Desemba inavyokuwa, mtu awe anaishi Songea, awe Mwanza, awe Kariakoo, ikifika Krismasi lazima aonekane kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Ni jambo zuri sana na mi nalipenda kabisa, watoto wanawajua ndugu zao, wazee wanaonwa wangali hai. Ila kuna mzigo ndani yake ambao watu wanaubeba kimyakimya. Unategemewa ufike na gari, uchinje, utoe mchango wa ukoo, uwavalishe watoto wa ndugu, afu Januari ada inakusubiri mlangoni. Nashona nguo za sikukuu miaka mingi na nawaona watu walewale waliolipa taslimu Desemba wanarudi Januari kuomba niwakopeshe hata hela ya daftari. Inaniuma kwa kweli.

Kwa hiyo mwezi wa 11 tulikaa mimi na baba watoto tukahesabu. Tulichokuwa nacho ambacho hakigusi ada wala kodi ni laki saba na nusu. Tukapiga simu nyumbani tukaweka spika, baba mkwe, mama mkwe na wifi wote wanasikia, mume wangu akawaambia, "Baba, mama, tunakuja, tunakuja kwa basi, tuna laki saba na nusu kwenda na kurudi, humo mna mbuzi mmoja na mchango wetu, zaidi ya hapo mwaka huu hatuna." Kukawa kimya kidogo. Afu mama mkwe akasema, "Njooni na watoto. Na mwanangu anishonee gauni la Misa, lenye mifuko."

Vipimo nilivipata hivi: wifi alimpima mama kwa kamba, akafunga fundo kila mahali, kifua fundo, kiuno fundo, halafu akainyoosha kamba kwenye rula ya shule ya mwanae akanisomea namba mojamoja kwenye simu. Nikakata kitenge cha elfu 25 na bitana yake, mifuko miwili pembeni, wa kulia wa rozari na wa kushoto wa sadaka, ndo alivyotaka.

Jumamosi, Desemba 21. Mbezi hadi Himo

Tulitoka nyumbani saa 9 usiku, basi linaondoka saa 12 asubuhi stendi ya Magufuli, Mbezi. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, mabegi, magodoro, TV zimefungwa na blanketi. Nauli tulilipa elfu 38 kila siti, tulichukua siti tatu, kadogo tukampakata. Tiketi tulikata mapema Novemba na bei ilikuwa ileile ya kwenye tiketi ya mtandao, ila siku hiyo pale stendi kuna watu waliotajiwa elfu 60 na wapiga debe na wengine walilipa kwa sababu hawakuwa na namna.

Kwa anayefikiria kwenda mwakani, kata tiketi Novemba, hakikisha jina lako na namba ya siti vimeandikwa, nauli inayotambulika inatangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukiona imezidi una haki ya kulalamika. Na kuna treni pia, ya Dar kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutokuwepo, sasa inafika hadi Arusha. Ni ya bei nafuu kuliko basi ila inakwenda taratibu na haipo kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujaomba likizo. Sisi siku zake hazikutukalia vizuri.

Kibaha hadi Chalinze ni malori na foleni. Ukishakata kona Chalinze kwenda Segera barabara inapumua, tukavuka Wami kwenye daraja jipya, watoto wakalala. Korogwe mkubwa alinunuliwa machungwa ya buku, mashamba ya mkonge yakaanza. Mombo basi lilisimama dakika 20 za chakula, chips kuku elfu 8, sisi tulikuwa na chapati zetu na mayai ya kuchemsha, tukanunua chai tu na kwenda chooni. Bebeni chakula jamani, familia ya watu wanne ikila hotelini njiani mara mbili tu, nusu mbuzi imeondoka.

Baada ya Hedaru, kabla ya Makanya, basi likaanza kunuka mpira, likasimama. Kwanza ikawa tairi, walipomaliza tairi wakagundua na mkanda wa injini umeisha, kondakta akapanda bodaboda kwenda kutafuta mwingine. Tulikaa pale karibu masaa matatu, jua la Same mnalijua, upande mmoja milima ya Upare upande mwingine vichaka vya miiba, kivuli hakuna. Abiria wengine walikuwa wanagombana na dereva, simu zinapigwa, "nimesema saa 10 nitakuwa nyumbani!" Mi nilikuwa na utulivu mmoja, kwamba nyumbani tuliwaambia tutafika Jumapili. Basi ni la Jumamosi lakini ahadi ni ya Jumapili, na kwenye bajeti tulishatenga hela ya kulala njiani. Hakuna mtu aliyekuwa anatuwekea chakula kipoe.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba moja ya tofali za kuchoma, akatoka mama wa makamo, akanitazama na yule mdogo mgongoni, akaniita kwa mkono. Nikavuka. Akatuwekea mkeka chini ya mwarobaini, akaleta maji ya mtungi, halafu akaleta bakuli la makande ya moto, yale ya Kipare yenyewe, mahindi yamekobolewa, maharage yamelainika na maziwa kwa juu. Nikamwambia, "Mama, tuna chakula kwenye basi." Akasema, "Watoto hawamsubiri fundi, mwanangu. Wape wajukuu wangu wale." Tukala watano kwenye bakuli moja na vijiko viwili, na mzee mmoja aliyekuwa siti ya nyuma yetu naye akaitwa. Nilipotoa elfu 5 aliurudisha mkono wangu, akakunja vidole vyangu juu ya ile noti. Nilikuwa na pakiti ya biskuti za watoto na kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mama, nikampa kile kitambaa, hicho akapokea kwa mikono miwili akajifunga kichwani palepale.

Himo tulifika saa mbili kasoro usiku. Noah za kwenda Rombo zilikuwepo mbili tu na walitaka elfu 15 kila kichwa. Tukaenda gesti karibu na stendi, elfu 20 chumba, dada wa mapokezi akatuchemshia maji ya kuwaogesha watoto bila hata kuombwa. Tulilala kama magogo.

Jumapili, Desemba 22. Himo hadi kihambani

Asubuhi Noah elfu 5 kila mtu mpaka kwetu, kilomita za mwisho kabla ya mji wa Mkuu. Siku za kawaida ni chini ya hapo lakini sikukuu ndo hivyo na tuliipangia. Himo ni joto na vumbi, ukipanda kidogo tu kufika Marangu Mtoni hewa inabadilika, migomba inaanza, kahawa chini ya migomba, mimea ya masale kwenye mipaka ya mashamba. Mwika watu wanatoka kanisani wamependeza. Kadogo akaanza kupiga chafya, mkubwa anauliza mlima uko wapi. Hatukumwahidi kwamba atauona, tulimwambia kila asubuhi tutatoka nje tuangalie, basi. Siku hiyo ulikuwa mawingu matupu.

Mama mkwe alitupokea barabarani. Alinikumbatia kwanza mimi, kisha watoto, mwanae akawa wa mwisho, na wote tukacheka. Baba mkwe alikuwa amekaa nje na fimbo yake, mume wangu akainama, mzee akamshika kichwa.

Chakula cha siku hiyo mtori na maziwa mgando. Gauni nilimpa jioni. Alilivaa palepale juu ya nguo alizovaa, akaingiza mikono kwenye mifuko yote miwili, akatoka nje akaenda kumwonyesha jirani akarudi baada ya nusu saa.

(Bebeni masweta hata kama Dar mnakufa na joto, usiku wa huku juu watoto wanatetemeka. Na bebeni hela taslimu za kutosha kuanzia Himo, maana wiki ya Krismasi foleni za ATM na mawakala pale Mkuu ni ndefu na wakala wengi wanaishiwa hela ikifika mchana.)

Desemba 23 na 24

Tarehe 23 mvua ilinyesha kutwa, tukakaa jikoni tukamenya ndizi na kupiga stori.

Tarehe 24 tulienda kununua mbuzi kwa jirani wa juu. Alianzia laki na sitini, tukamaliza kwa laki na thelathini, na kamba akatuachia. Mwezi huo ndo mbuzi wanapanda bei kuliko wakati wowote, ukiweza mtumie hela mtu wa nyumbani mwezi wa 10 akununulie mapema amlishe.

Mchana simu ikaita, shemeji wa Mwanza hawezi kuja, kazini wamemnyima ruhusa. Mama mkwe alinyamaza kidogo, akafuta macho kwa kanga, akasema, "Basi tumpigie kesho wakati wa kula, na yeye asikie kelele." Na ndivyo tulivyofanya kweli, tuliweka simu katikati ya meza masaa mawili na bando likaisha. Nimelipenda sana hilo la mama, hakusema sikukuu imeharibika, aliuliza tu kipi bado kinawezekana.

Usiku mkesha. Tulitembea na tochi kwenye tope hadi kanisani, umeme ulikatika katikati ya Gloria, na kwaya haikusimama. Mapadri wamisionari wa Kikatoliki waliingia Kilimanjaro wakaanzia Kilema mwaka 1890, na ukiwasikia watu wa huku wakiimba Noeli gizani, sauti nne zimepangika bila kinanda, unajua hii imani imeshakaa vizazi na vizazi.

Jumatano, Desemba 25

Baada ya Misa ya asubuhi kuna mnada. Kwa asiyejua, waumini wanaleta sadaka za vitu, mikungu ya ndizi, kuku, mayai, maboga, kahawa, vinanadiwa nje ya kanisa na hela inaingia parokia. Sasa watu wa mjini ndo wanaokodolewa macho. Jogoo mmoja alianza elfu 10 akapanda, akapanda, akaenda mpaka laki moja na kidogo kwa ndugu wawili waliokuwa wanashindana, na watu wanashangilia. Mume wangu aliitwa, "Wa Dar huyo! Wa Dar hajasema!" Akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nina elfu 15, naomba ule mkungu wa ndizi mshare." Mnadishaji akamwangalia, akaangalia mkungu, kuna bibi mmoja mbele akapiga makofi, wengine wakafuata, mkungu ukawa wetu. Mkubwa aliubeba na baba yake kwa mti begani njia nzima, anajisikia mwanaume.

Mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba migombani, kazi ya wanaume, nyama inapangwa juu ya majani ya migomba na kila kipande kina mwenyewe. Kidari ni cha baba mkwe. Mi nilipewa kazi ya machalari pamoja na wifi: zile ndizi mshare za mnadani, tumezimenya na kuziosha maji mara mbili ule utomvu utoke, nyama imeshachemka na kitunguu, ndizi zikapangwa juu, nazi hawaweki kabisa huku, ni mafuta kidogo, nyanya na moto wa taratibu mpaka mchuzi ushikane. Wazee walikuwa na mbege yao nje, ya ndizi na ulezi, mama aliianza zaidi ya wiki nzima kabla.

Kulikuwa na pilau, soda kreti moja, basi. Hakukuwa na keki wala spika kubwa. Watoto wa jirani walikuja wakala, wakacheza rede na wa kwetu mpaka giza. Nguo mpya mkubwa alikuwa na shati moja tu na alilichana mgongoni kwenye mti wa parachichi kabla ya saa 9, nikalishona usiku kwa mkono.

Alhamisi, Desemba 26. Kikao

Hiki ndicho watu wanachokiogopa kuliko vyote. Watoto wote wa baba wanakaa, yanatajwa mahitaji, kila mtu anaulizwa. Mwaka huu ilikuwa paa la jiko la mama, bati zimeoza, mvua ikinyesha anapika kafunika kichwa. Mume wangu aliweka laki moja mezani, akasema hiyo ndo yote aliyoileta kama alivyosema kwenye simu, na kuanzia Februari atatuma elfu 20 kila mwezi kwa ajili ya dawa za baba. Kaka mkubwa akaanza kusema kwamba mtu wa Dar anatakiwa… Baba mkwe akanyanyua fimbo kidogo tu. Akasema, "Huyu aliniambia Novemba. Nimejua cha kutegemea, na amekileta. Wewe umesema laki tatu tangu Pasaka." Akageuka kwa mume wangu, "Kesho hatutafuti fundi. Kesho unapanda wewe juu ya paa, mangi, unajua kupiga msumari."

Nawaambia kwa moyo wangu wote, nyie mnaojificha msiende kwenu kwa sababu hela haitoshi, au mnaokopa ili muonekane: pigeni simu mapema mtaje namba halisi. Mzazi akijua Novemba ana muda wa kuizoea na kupanga, akijua tarehe 26 mbele za watu ndo anaumia na wewe unaaibika. Na ukishataja, usiongeze hata ukibembelezwa, na usipunguze.

Ijumaa, Desemba 27. Bati

Bati nne kwa elfu 22 kila moja, misumari, na bodaboda ya kubeba kutoka Mkuu, kwenye laki ikabaki elfu mbili. Mume wangu na mdogo wake juu, mkubwa anapasisha misumari kutoka kwenye kopo la maziwa, baba mkwe amekaa chini anaelekeza kwa fimbo, "Kushoto. Hapana, hiyo inavujia." Mama alihamisha mafiga nje kwa muda na akapika kiburu cha ndizi na maharage hapohapo uani. Saa 10 jioni mvua ikaja, wote tukakimbilia jikoni, watu tisa kwenye kile kijumba, tunaangalia juu kama kuna tone linapita. Hakuna lililopita. Mama akasema, "Asante Yesu," akaendelea kukoroga.

Baba watoto huwa anarudi Dar baada ya sikukuu amechoka na mawazo kibao. Siku hiyo alilala saa mbili usiku huku anatabasamu, mikono imejaa malengelenge.

Jumamosi, Desemba 28

Saa 12 na robo asubuhi mkubwa aliingia chumbani anapiga kelele. Mlima ulikuwa wazi wote, Mawenzi kwa huku Rombo ndo unaiona karibu, imechongoka, na Kibo nyuma yake na theluji. Tulisimama uani na blanketi kama dakika 20, kisha wingu likafunga. Watoto walitaka pia kwenda kwenye maporomoko ya Marangu, tukasema hilo si la mwaka huu, wakaenda na shangazi yao kuchezea maji ya mfongo, mfereji wa shambani, na walirudi wamelowa mpaka masikioni.

Jumapili, Desemba 29. Kurudi

Tulichagua tarehe 29 makusudi. Ukisubiri Januari 2 au 3 wote wanashuka kwa pamoja na nauli za vichochoroni zinarudi. Mabasi tarehe hizi yana nafasi. Tulipewa ndizi, parachichi, kahawa mbichi na kuku mmoja hai ambaye kondakta alikubali akae chini ya siti kwa elfu mbili. Njia yote salama. Pale baada ya Makanya nilichungulia dirishani nione ile nyumba, basi lilikuwa spidi, sikuiona.

Hesabu ya mwisho kwenye daftari: tumerudi na elfu 47 iliyobaki kwenye hela ya dharura, dawa ya mafua ya kadogo ndo ilikula kidogo. Ada ya mkubwa ililipwa Januari wiki ya kwanza.

Krismasi ijayo ni zamu ya kwetu, Matombo. Tutapanda treni ya SGR hadi Morogoro, daraja la kawaida elfu 13 kwa mtu mzima, halafu gari la kupanda milimani. Mama yangu mzazi nimeshampigia, nimemwambia bajeti ni ndogo kuliko ya Rombo, akajibu kwamba jogoo anaye, anachotaka ni tukae siku nyingi zaidi kuliko tulivyozoea. Siku ninazo, nafunga oda tarehe 15 Desemba. Wateja wa magauni ya watoto leteni vitambaa mapema.